Jinsi ya Kuwa Polisi wa Kujitolea Uingereza: Mwongozo Kamili kwa Waswahili Waishio Huku

England na Wales kuna askari wanaofanya doria Ijumaa usiku wakiwa na pingu, rungu na mamlaka kamili ya kukamata, na Jumatatu asubuhi wanarudi kufundisha shule, kuendesha basi au kuuguza wagonjwa. Hawalipwi mshahara. Cheo chao rasmi ni Special Constable, na humu nitawaita makonstebo wa kujitolea. Usiwachanganye na wale maofisa wasaidizi wa jamii wanaojulikana kama PCSO, ambao wanalipwa lakini hawana mamlaka ya askari ya kukamata. Wala usiwafananishe na mgambo au sungusungu wa kwetu. Huyu ni polisi kamili. Sare ni ileile, sheria ni zilezile, na akikosea adhabu ni ileile.

Naandika kwa sababu Waswahili tuko wengi katika miji ya huku, na mara nyingi tunakutana na polisi tukiwa upande wa kuulizwa maswali. Mtu wetu akiwa ndani ya sare, mama mzee asiyejua Kiingereza anapata wa kumwelewa usiku ule ambao mkalimani hapatikani. Na milango iko wazi. Mwaka 2012 makonstebo wa kujitolea katika England na Wales walikuwa zaidi ya 20,000. Sasa hawafiki 7,000. Vikosi vinawatafuta.

Scotland ina jeshi lake moja la polisi, sheria zake na utaratibu wake wa kujitolea. Yanayofuata yanahusu England na Wales tu.

Je, unaruhusiwa kuomba?

Anza na karatasi zako za uhamiaji, maana hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Anayekubaliwa ni raia wa Uingereza au Ireland, au raia wa nchi nyingine yoyote mwenye ukaazi usio na kikomo cha muda. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongo au Mrundi mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa bila kubadili uraia. Mwenye viza ya masomo, viza ya kazi au hadhi ya ukimbizi yenye kikomo cha muda bado hajafika. Asubiri apate ukaazi wa kudumu kwanza. Aliyeingia kwa pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya awe na hadhi ya ukaazi wa kudumu iliyotolewa baada ya Brexit.

Sharti la pili ni kuishi huku. Ili upekuzi, yaani uchunguzi wa maisha yako ya nyuma, ufanyike, vikosi vinataka uwe umeishi Uingereza miaka 3 mfululizo, kwa sababu hawawezi kukagua maisha yako ya Mombasa au Bukavu kama wanavyokagua ya Birmingham. Likizo ya mwezi nyumbani haiharibu kitu. Ukiwa ulirudi Afrika mwaka mzima kuuguza mzazi, waulize kabla ya kujaza fomu.

Umri ni kuanzia miaka 18. Vyeti vya shule vikosi vingi haviombi kwa nafasi hii. Wanachotaka ni uweze kusema na kuandika Kiingereza cha kueleweka. Lafudhi ya Tanga au ya Kisumu haina tatizo lolote.

Kuna kazi ambazo haziendani na nafasi hii: mlinzi wa mlango wa baa au klabu ya usiku, mpelelezi binafsi, wakala wa mahakama anayekamata mali za wadaiwa, hakimu wa kujitolea, na huyohuyo PCSO. Sababu ni mgongano wa maslahi. Ukiwa na leseni ya ulinzi, na najua vijana wetu wengi wanaitegemea kwa riziki, ongea na kikosi kwanza, kwani hutaweza kusimama mlangoni Ijumaa kama mlinzi na Jumamosi kama polisi.

Pima muda wako kabla ya kitu kingine

Vikosi vingi vinataka angalau saa 16 kwa mwezi. Inasikika ndogo, ni zamu mbili tu. Lakini zamu ya Jumamosi inayopaswa kwisha saa tisa usiku inaweza kwisha kumi na mbili alfajiri, kwa sababu umemkamata mtu saa nane na nusu na huwezi kuondoka kabla ya kumfikisha mahabusu na kuandika taarifa yako. Ongeza siku za mafunzo. Ongeza siku utakayoitwa mahakamani kutoa ushahidi, ambayo karibu daima huwa siku ya kazi.

Kaa na mwenzako mzungumze. Kama mnafanya kazi za zamu nyote wawili na watoto ni wadogo, jibu la kweli huenda likawa mwakani. Zungumza pia na mwajiri, maana kikosi kitataka ajue. Usitegemee kwamba analazimika kukupa muda wa kulipwa. Wapo waajiri walioingia makubaliano na polisi ya kuwapa wafanyakazi wao saa kadhaa za kujitolea, kwa hiyo uliza idara ya rasilimali watu. Nauli na gharama zako halali hurudishwa, na ukiumia kazini kuna fidia kisheria. Zaidi ya hayo usitarajie pesa.

Kuchagua kikosi

England na Wales kuna vikosi 43 vya maeneo, kuanzia Metropolitan ya London hadi vikosi vidogo vya vijijini, na zaidi ya hivyo kuna British Transport Police wanaolinda reli. Ukiapishwa katika chochote kati ya vile 43, tangu mwaka 2007 mamlaka yako yanafika England na Wales nzima. Kwa hiyo usihangaike na mipaka. Angalia umbali wa kituo kutoka nyumbani na aina ya kazi. London utakuta mpira Wembley na maandamano. Mji mdogo utakuta ajali za barabarani na wazee waliopotea. Wengine hupendelea kutumikia mbali kidogo na mtaa wanaoishi, wasije wakamkamata mtoto wa jirani wanayeswali naye au kusali naye. Ni busara, ingawa si lazima.

Vikosi vingi havipokei maombi mwaka mzima. Dirisha hufunguliwa wiki chache na kufungwa, hivyo jiandikishe kwenye tovuti ya kikosi wakujulishe.

Fomu na usaili

Fomu ya kwanza ni mchujo: uraia, ukaazi, kesi, madeni, kazi. Baadaye huja majaribio ya mtandaoni na usaili, kwa mpangilio unaotofautiana kati ya kikosi na kikosi. Wasaili hawapimi ujuzi wako wa sheria. Wanapima tabia: unavyoshughulika na hisia za watu, unavyobeba wajibu, unavyoshirikiana, unavyopima jambo kabla ya kuamua. Maswali huanza na maneno kama "tueleze wakati ambapo ulifanya hivi au vile".

Hapa malezi yetu yanatuponza. Sisi tumefundishwa kutojisifu, na tukisimulia tunasema "tulikaa tukazungumza, tukayamaliza". Msaili anabaki hajui wewe ulifanya nini. Andaa visa vinne au vitano vya kweli kutoka kazini, msikitini, kanisani, au kwenye kamati ya msiba, na uvisimulie kwa mpangilio: hali ilikuwaje, wewe ulipaswa kufanya nini, ulifanya nini kwa mkono na mdomo wako, na kikatokea nini. Sema "mimi". Yule aliyesuluhisha ugomvi wa ndugu wawili kuhusu michango ya mazishi ana kisa kizuri kuliko mtu aliyekariri sheria mtandaoni.

Mbio

Kipimo cha viungo ni kukimbia kwenda na kurudi mita 15 kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha. Lazima ufike kiwango cha 5.4, yaani mikimbio 35, jumla mita 525, ndani ya dakika 3 na sekunde 35 hivi. Si kazi ya mwanariadha. Wanaofeli wengi hufeli kwa kugeuka vibaya na kwa kuanza kwa kasi mno. Pima mita 15 bustanini, weka mlio kwenye simu, na fanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki sita. Baadaye kuna daktari: macho, masikio, presha, na kipimo cha dawa za kulevya. Miwani inaruhusiwa. Kisukari na pumu havikukatai moja kwa moja. Kila mtu huangaliwa peke yake, na ni wajibu wako kuvitaja.

Upekuzi: hapa ndipo kazi ilipo

Kama ningeruhusiwa kukuachia ukurasa mmoja tu wa mwongozo huu, ungekuwa huu. Watu wazima, wenye akili na nia njema, hukataliwa katika hatua hii kwa jambo ambalo wangelitaja lisingewadhuru.

Fomu ya upekuzi inakuuliza wewe ni nani, umeishi wapi, unadaiwa na nani, na unahusiana na nani. Watataka majina ya mwenzi wako, wazazi, ndugu, wakwe, watoto waliotimiza miaka 10, ambayo ndiyo umri wa kuwajibika kwa jinai England na Wales, na kila unayeishi naye nyumba moja. Mpangaji wa chumba cha juu naye aandikwe. Binamu aliyelala sebuleni kwako mwezi wa tatu sasa naye aandikwe.

Majina ni mtihani wetu wa pekee. Pasipoti inasema Juma Ali Hamadi, benki inasema J. A. Hamad, shule ya huku ilikuandika Ali Juma, na mama anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha kwenye sehemu ya majina mengine orodhesha kila namna uliyowahi kuandikwa, hata makosa ya makarani. Kama tarehe ya kuzaliwa ya baba ni ya kukadiria, sema ni ya kukadiria. Mpekuzi akikuta tofauti uliyomweleza mapema, anasonga mbele. Akiikuta mwenyewe, anajiuliza kwa nini hukusema.

Kuhusu makosa ya zamani, kanuni ya kawaida ya Uingereza kwamba kosa likishapita muda wake halitajwi haikuhusu hapa. Taja kila kitu: hukumu, onyo la polisi ulilopewa ukiwa na miaka 15, faini ya mwendokasi, kukamatwa na kuachiwa bila mashtaka, kesi ya nyumbani kabla hujaja. Kosa dogo la ujana halifungi mlango peke yake. Kulificha ndiko kunakoufunga, kwa sababu askari aliyethibitika kuwa mwongo hawezi kusimama kizimbani na kuaminiwa. Wakili wa mshtakiwa atalikumbusha jambo hilo kila kesi.

Ndugu mwenye kesi je? Hilo nalo hupimwa. Kaka aliyefungwa miaka kumi iliyopita, msiyeishi pamoja, ni tofauti na mume anayeuza dawa za kulevya sebuleni. Andika ukweli wote unaoujua. Usimpigie simu ndugu yako kumwambia aseme hivi au vile.

Pesa. Wanaangalia madeni kwa sababu askari anayedaiwa hununulika. Kudaiwa si kosa, mkopo wa nyumba au wa gari unaolipwa kwa wakati hauna neno. Tatizo ni hukumu za mahakama za madeni ambazo hujalipa, na makubaliano rasmi na wadai ya kuepuka ufilisi yanayoendelea. Aliyewahi kutangazwa mufilisi husubiri miaka 3 baada ya kuondolewa ufilisi. Kutuma pesa nyumbani kila mwezi ni haki yako, ila weka risiti. Ukiwa mshika hazina wa mchezo (upatu) wa kina mama au wa chama cha mazishi, fungua akaunti tofauti ya kikundi, maana fedha za watu ishirini zikipita kwenye akaunti yako binafsi zitahitaji maelezo. Na usikubali kamwe mtu "apitishe" pesa kwako, hata akiwa shemeji.

Pitia pia kurasa zako za mitandao ya kijamii. Utani wa kikabila uliosambaza kwenye kundi la WhatsApp unaweza kukutwa na kuhesabiwa. Alama za vidole na vinasaba huchukuliwa pia. Yote haya huweza kula miezi, na safari nzima tangu fomu hadi kiapo mara nyingi huchukua miezi sita hadi mwaka. Ukikataliwa una haki ya kukata rufaa. Soma sababu waliyotoa kwa utulivu na ujibu hiyo tu.

Mafunzo na kiapo

Mafunzo hupangwa jioni na wikiendi, pamoja na masomo ya kusoma mwenyewe mtandaoni. Utajifunza huduma ya kwanza, kujilinda, kufunga pingu, kutumia rungu na dawa ya kupuliza usoni. Bunduki hupewi. Tangu mwaka 2022 serikali imeruhusu makonstebo wa kujitolea kufundishwa Taser, kifaa cha kumdhibiti mtu kwa umeme, lakini ni mkuu wa kikosi anayeamua nani apewe.

Sehemu ngumu ni sheria, nayo nakuomba uipende. Shika kwanza mambo mawili.

La kwanza ni kukamata. Kushuku tu hakutoshi. Lazima uwe na sababu za msingi za kumshuku mtu kwa kosa, na pia sababu ya kwa nini kumkamata ni lazima: labda hataji jina lake, labda atamdhuru mtu, labda ushahidi utapotea. Kikikosekana kimoja, ukamataji si halali, hata kama mtu yule baadaye ataonekana ana hatia. Halafu unampa onyo: halazimiki kusema kitu, ila akinyamazia jambo analokuja kulitegemea mahakamani huenda likamdhuru, na atakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Maneno yake ya Kiingereza yakariri mpaka uyaseme usingizini, kwa kuwa siku ya kwanza utayasema huku moyo unadunda.

La pili ni kumsachi mtu barabarani, chini ya sheria ya mwaka 1984 iitwayo PACE. Rangi ya ngozi, nguo, au mtaa peke yake si sababu. Kabla ya kugusa mfuko lazima umwambie unatafuta nini na kwa nini, jina lako na kituo chako, sheria unayoitumia, kwamba amezuiliwa kwa ajili ya kusachiwa, na kwamba ana haki ya nakala ya kumbukumbu. Bila sare, uonyeshe kitambulisho. Vijana wetu wengi wamewahi kusachiwa huku, na wanajua tofauti ya kufanyiwa hayo kwa heshima na kufanyiwa kwa dharau. Wewe utakuwa upande wa pili sasa. Lifanye kwa namna ambayo ungetaka mdogo wako afanyiwe.

Kisha unaapishwa mbele ya hakimu. Ni tamko la dhati, hushiki msahafu wala Biblia: unaahidi kumtumikia Mfalme katika kazi ya konstebo kwa haki, uadilifu, bidii na bila upendeleo, ukilinda haki za msingi za binadamu na kuwaheshimu watu wote kwa usawa. Wales unaweza kulitoa kwa Kiwelisi. Hapo ndipo unapopewa kitambulisho cha kazi, na mamlaka huanza dakika ileile.

Zamu za mwanzo

Mwanzoni hutoki peke yako. Unafuatana na askari mzoefu, na kitabu cha kazi kinajazwa hatua kwa hatua mpaka uthibitishwe kufanya doria mwenyewe. Wengi huchukua mwaka mmoja hadi miwili kwa sababu ya saa chache. Mkishuka garini muulize mlezi wako, kwa faragha, kwa nini alisema alichosema. Hilo litakufundisha zaidi ya darasa.

Utakutana na walevi, wizi wa madukani, watoto waliotoroka nyumbani. Zaidi ya yote utakutana na ugomvi wa majumbani. Hapo Kiswahili chako kitakuwa na thamani kubwa, na hapohapo uwe mwangalifu. Mkiingia nyumba ya Waswahili, mzee wa nyumba huenda akakwambia, "Mwanangu, haya ni ya ndani, tutayamaliza wenyewe." Msalimu kwa adabu, muite baba au mzee inavyostahili, lakini mtenganishe na mkewe na umsikilize mama yule chumba kingine. Usimtafsirie mume maneno ya mke. Na kama unawafahamu watu hao, mwambie mkuu wa zamu mara moja akutoe kwenye shauri lile. Mkalimani rasmi aitwe kwa mahojiano na taarifa za maandishi, hata kama wewe unaelewa kila neno.

Andika. Kesi hufa kwa maandishi mabovu. Saa, mahali, uliona nini kwa macho yako, alisema nini kwa maneno yake hasa. Kamera ya kifuani husaidia, lakini haioni ulichokuwa unakifikiria ulipoamua.

Dini, jamaa na watu wa mtaani

Hijabu ya sare ipo katika vikosi vingi, ndevu zinakubalika zikiwa nadhifu, na nafasi ya kuswali huombwa kwa mkuu wa zamu. Mwezi wa Ramadhani mweleze mapema, maana zamu yenye kukimbia na njaa inahitaji mpango.

Mtaani utaambiwa umejiunga na "wao". Wengine watakupigia simu usiku wakitaka uangalie kwenye kompyuta gari fulani ni la nani, au kijana wao ameshikwa kwa nini. Kufungua kumbukumbu za polisi bila sababu ya kikazi ni kosa la jinai, na kila ufunguaji hubaki na alama ya jina lako. Mjibu shangazi kwa upole: "Siwezi, ila nitakupa namba ya wakili." Rudia jibu hilo hadi waelewe.

Kupanda na kuondoka

Vyeo vipo: sajini, inspekta na kuendelea, vyote vya kujitolea. Anayetaka kuwa askari wa kulipwa hana njia ya mkato, ataomba upya, lakini uzoefu wake humbeba katika usaili, na tangu mwaka 2024 ipo njia ya kuingia isiyodai shahada. Upekuzi nao hurudiwa, na mabadiliko ya maisha, kama kuoa, kuhama au kuingia kwenye deni kubwa, unayaripoti yanapotokea.

Ukichoka, unaandika barua, unarudisha sare na kitambulisho, na mamlaka yanakoma. Ukiwa unachunguzwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu, kujiuzulu hakufuti shauri. Linaweza kuendelea, na aliyefukuzwa huwekwa kwenye orodha ya College of Policing, taasisi inayosimamia viwango vya kazi ya polisi, ya watu wasioruhusiwa kufanya kazi na kikosi chochote.